Hodi kwa Mpangaji

Mtaa mzima walimwita Mama Hodi, na hata waliolijua jina lake walikuwa wameliweka kando zamani. Sababu ni kwamba alibisha hodi kwenye duka lake mwenyewe. Asubuhi alifika na ufunguo mkononi, akafungua kufuli, halafu kabla ya kusukuma mlango akaugonga kwa kopo la kupimia maharage, ngo, ngo, ngo, akasema, "Hodi humu!" kwa sauti ya mgeni mwenye adabu zake. Kisha alisimama. Alifunga upya kitambaa cha kichwa, akatazama barabara huku na huku, akakohoa kidogo. Ndipo akaingia.

"Mama Hodi, leo umekaribishwa?" fundi viatu wa ng'ambo ya barabara hakuchoka kumtania.

"Nimekaribishwa na nimeandaliwa kiti. Wewe shona hicho kiatu, mwenyewe anakuja na mguu mmoja."

Wateja wapya walidhani kichwa chake hakiko sawa. Wa zamani walijua, nao wakisindikizana naye walisimama pamoja naye mlangoni wakisubiri, kama watu waliokwenda kutoa pole.

Mazoea hayo aliyakuta alipoolewa. Mama mkwe wake alikuwa muuza nafaka na mbegu, mwanamke mfupi, mpana, aliyeitwa Bibi Kopo kwa kuwa hakuwahi kumpimia mtu kopo lisilo na kilima juu. Duka lilikuwa ghala refu la matofali, mwisho wa mtaa, pale nyumba zinapokoma na mashamba yanapoanza. Bati lake lilikuwa limebadilika rangi kwa kutu. Ndani mlinukia maharage makavu, katani ya magunia na vumbi lililopashwa moto na jua. Hata leo Mama Hodi akipita mahali pakanukia hivyo, miguu yake hupunguza mwendo yenyewe.

Alifika pale bado msichana, na alifika na woga wake kamili. Alikuwa mtu wa kuogopa. Aliogopa visima, magari, radi, homa za usiku na mbwa waliolala. Viatu alivikung'uta kabla ya kuvivaa, na kitanda hakukipanda mpaka amechungulia mvunguni. Alipozaa watoto, woga wake nao ukazaa. Kwa hiyo mtu anaweza kukisia ilikuwaje siku ile ya kwanza, alipotumwa kuleta gunia tupu kutoka nyuma ya ghala, akaona kitu cha kahawia, chenye mng'ao wa mafuta, kikipita juu ya magunia ya mtama bila haraka yoyote.

Alitoka mbio mpaka barabarani. Kiatu kimoja kilibaki ndani.

"Mama! Mama, humu ndani kuna nyoka!"

Bibi Kopo alikuwa anapepeta choroko. Hakuacha. "Yukoje?"

"Yukoje vipi? Nyoka!"

"Wa kahawia, ana mistari myeupe huku usoni?"

"Mama, sikukaa kumtazama uso!"

"Basi ni yeye. Umeingia bila hodi, umemshtua."

"Tumwite mtu aje amuue."

"Amuue nani, mwanangu? Mpangaji wangu? Huyo kodi analipa kila siku, na hajaniomba hata maji." Akapepeta tena, makapi yakaruka. "Hana sumu huyo. Kazi yake panya. Kazi yako wewe ni kugonga mlango, ukasubiri, akapata nafasi ya kwenda kwake. Mkiheshimiana hamtaonana."

"Na nikisema hodi atanielewa?"

"Maneno hayasikii. Anasikia mlango unavyotetemeka. Hodi ni ya kwako wewe, ikukumbushe kwamba hauko peke yako."

Jioni alimshitakia mumewe, naye akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo ni mdogo wangu. Mimi mama alinizaa peke yangu, halafu akampata huyo. Na ukitazama vizuri, yeye ndiye anapendwa."

Alizoea kugonga. Kumzoea nyoka hakuwahi. Kila alipokuta ngozi aliyojivua, nyepesi na kavu kama soksi ya mtoto iliyosahauliwa kwenye kamba, aliisukuma kwa ufagio hadi nje huku amegeuza uso. Bibi Kopo yeye aliiokota, akainyoosha kwenye mwanga, akasema, "Kanenepa," kama mama anayepima gauni la bintiye.

Mle ndani palikuwa na kaunta ya mbao nzito, ndefu, iliyozibwa pande zote kama sanduku, na Bibi Kopo alikaa nyuma yake juu ya kigoda kutwa nzima. Upande aliokuwa akiweka kiwiko mbao zilikuwa zimelainika na kuingia ndani kidogo, kama mto uliolaliwa. Kila asubuhi, kabla ya kukaa, aliigonga kaunta ile pia, kwa kopo, taratibu, akasubiri, ndipo akavuta kigoda. Mkwewe alichukulia kwamba ni mazoea ya watu waliokula chumvi nyingi. Kuna wanaosemesha mbuzi na wanaosemesha redio. Huyu alisalimia mbao.

Na kulikuwa na jambo la mkeka. Mama Hodi alipoanza kuja dukani na mtoto wake wa kwanza, alimtandikia pembeni ya kaunta, karibu naye, amwone. Mama mkwe aliuvuta mkeka ule, na mtoto juu yake, mpaka karibu na mlango. "Huku kuna hewa," alisema. Kesho yake hivyo hivyo. Watoto wote aliowazaa walilala mlangoni, kwenye hewa.

Nyuma ya ukuta wa ghala palikuwa na banda la rafiki wa mumewe, mtu aliyeuza majani ya ng'ombe na kulima mtama kidogo. Mama Hodi alimwita Shemeji, na utani wao haukuwa na mwisho. Kiangazi kimoja Shemeji aliona nyoka kwenye majani yake. Hakuuliza ni nyoka gani. Alikichoma moto kichaka chote kilichozunguka ua, akasimama na fimbo, na kila kilichotoka akakipiga: wakubwa kwa wadogo, wa kijani, wa kahawia, hata mijusi wawili watatu waliokosea njia. Aliwaning'iniza nyoka wale kwenye ua wake kama mikanda dukani. Watu walikuja kumpongeza. Mama Hodi pia alimpongeza, kwa moyo wote. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu aolewe.

Mvua zikaja, mtama ukakomaa, ukavunwa, na panya wakahamia kwa Shemeji na jamaa zao wote. Walikula mbegu. Walitoboa magunia kwa chini, ukiinua unabaki na mdomo wa gunia tu. Walitafuna kamba za ng'ombe, wakatafuna sabuni, na asubuhi moja Shemeji akaja dukani ameshika suruali kwa mkono.

"Shemeji, vipi, umepungua au suruali imekua?"

"Cheka tu. Nimevua mkanda, nimelala, nimeamka nimekuta kichwa cha mkanda. Kile cha chuma."

Aliweka sumu. Panya walikufa wengi, wakanuka ndani ya majani. Lakini panya mwenye sumu huzunguka kidogo kabla ya kufa, tena huzunguka kilevi, anakamatika kirahisi. Paka wa mkewe alikutwa amekauka karibu na tangi la maji. Bundi aliyekaa kwenye paa la banda miaka yote, ambaye watoto walikuwa wakimwogopa, alikutwa chini, mabawa yameanguka kila moja upande wake. Baada ya muda panya walirudi. Bundi hakurudi.

Upande wa huku wa ukuta, Mama Hodi alikuwa anafagia. Yeye hakusoma sana, lakini kufagia alikuwa anakujua, na mtu anayefagia sehemu ileile kila siku huona mambo. Aliona kwamba kwenye ufagio wake kinyesi cha panya kilikuwa cha kuokoteza, punje hapa, punje pale. Aliona magunia ya chini yana chini yake. Ukuta ulikuwa mmoja tu kati yao na Shemeji. Hakumwambia mtu, ila siku ile alipogonga mlango alisubiri kidogo zaidi ya kawaida.

Shemeji mwenyewe alipokuja kuomba mbegu za kupanda, Bibi Kopo hakumsema. Alimpimia, kilima juu ya kopo, mpaka punje zikamwagika.

"Mama, mnaonaje mkiniazima huyo mpangaji wenu?" Shemeji alisema, nusu mzaha.

"Nenda ukamwombe mwenyewe," Mama Hodi akadakia. "Anza na hodi. Na usiende na hiyo fimbo, wanapeana habari."

Miaka ikaenda. Bibi Kopo aliondoka kwanza, akiwa kitandani kwake, amezungukwa na watu. Mume akamfuata, ghafla, bila kuaga, kama mtu aliyetoka mara moja kununua vocha. Watoto walitawanyika na kazi na ndoa, akabaki na binti wa mwisho aliyekuwa anamsaidia dukani. Nyoka aliendelea kuacha soksi zake nyuma ya magunia. Huenda hakuwa yuleyule. Huenda alikuwa mwanawe, au mjukuu. Mama Hodi aligonga, akasema hodi, akasubiri. Kusema kweli, wakati mwingine hakuwa anamsubiri nyoka. Pale mlangoni, ufunguo mkononi, katika kile kitambo cha kukohoa na kufunga kitambaa, ilikuwa kama Bibi Kopo yuko ndani anapepeta choroko na yule bwana anacheka huku ameshika mbavu, na ukiwapa nafasi kidogo watajipanga vizuri, uingie uwakute.

Kisha ukuta wa nyuma ukapasuka. Mwenye kiwanja akasema ghala litabomolewa. Binti akatafuta duka jipya, kule barabara kubwa, lenye sakafu ya saruji na mlango wa chuma, katikati ya kinyozi na mama mmoja fundi cherehani.

"Tutaweka kaunta ya vioo, Mama. Watu waone bidhaa."

"Kaunta ninayo."

"Ile? Mama, ile ina matundu ya panya wa enzi za ukoloni."

"Nikiiacha ile, namwacha bibi yako amekaa."

Baadaye binti akauliza, "Na mpangaji je?"

"Yeye kwao ni ukutani. Wakibomoa, shamba liko hapo nyuma. Atajua pa kwenda." Hivyo ndivyo alivyoamini siku zote, kwamba nyoka aliishi kwenye ufa wa ukuta wa nyuma, mbali na kaunta, mbali na miguu yake. Imani hiyo ndiyo iliyomwezesha kukaa kwenye kigoda kile miaka yote.

Siku ya kuhama aligonga mlango mara ya mwisho. Wabeba mizigo walikuwa nyuma yake, mabega wazi. "Kuna nani ndani, Mama?" "Subirini tu." Alisubiri sana. Mwisho mmoja wao akakohoa kwa niaba yake. Wakaingia, wakatoa magunia, mizani, ndoo, na mwisho kabisa kaunta, wakiilaani uzito wake kwa sauti ya chini ili asisikie. Alipanda mbele ya pikapu. Aliliangalia ghala kwenye kioo cha pembeni mpaka likawa dogo kama kibiriti.

Duka jipya lilinuka rangi. Waliitua kaunta katikati, wakaiinamisha kidogo ili kuisogeza. Ndipo mbeba mizigo mmoja akapiga ukelele ambao hakuna aliyeutarajia kutoka kwenye kifua kipana namna ile.

"Nyokaaa!"

Alikuwa ametokea kwenye tundu lililo chini ya droo, mahali pale hasa ambapo Bibi Kopo alikuwa akinyoosha miguu yake. Alishuka kwenye saruji. Binti alikuwa juu ya magunia kabla hajajua amepandaje. Kinyozi alifika na chepeo, na nyuma yake mteja wake, shingoni ana kitambaa, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mwingine bado.

"Kichwa! Piga kichwa!"

"Leteni mafuta ya taa!"

"Mama, toka hapo! Mama!"

Mama Hodi hakuweza kutoka. Maisha yake yote alikuwa ameisubiri saa hii, watu wenye mabavu na chepeo, wanaomwomba ruhusa tu. Mwili wake wote ulitaka kusema pigeni. Aliufungua mdomo.

Lakini kwa mara ya kwanza alikuwa akimtazama. Hakuwa mkubwa, hakuzidi urefu wa mkono na kidogo. Mgongoni alikuwa na makapi ya choroko. Alisogea kwenye ukuta mmoja, hakukuta ufa. Akaenda mwingine, mlaini vilevile. Akainua kichwa, akakiteremsha, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake na gari limeshaondoka. Hapo Mama Hodi akaelewa. Asubuhi ile alikuwa amegonga, na nyoka, kama kawaida yake, kama kawaida yao, alikuwa ameingia kwake kuwapisha. Naye kwake ni kwenye kaunta. Amefungiwa humo na adabu yake mwenyewe, akabebwa. Kopo lililomtuma kujificha lilikuwa bado liko mkononi mwa Mama Hodi.

"Hakuna kupiga!" alisema. Sauti ilitoka kubwa, ikamshtua hata yeye. "Huyu ni wa kwetu."

"Mama, nyoka hana kwao," kinyozi akasema.

"Huyu anako, na mmemkanyagia kizingiti. Shusha hilo chepeo. Na wewe baba, rudi ukamaliziwe kichwa, unatisha kuliko yeye."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kikaiteremsha mikono. Aliwatoa wote nje. Binti alishuka kwenye magunia kwa ncha za vidole. Mama Hodi akauvuta mlango wa chuma, akasimama mbele yake na kopo lake, na mbele ya nusu ya mtaa asioujua akagonga, ngo, ngo, ngo.

"Hodi humu!"

Hakuna aliyejibu, wala hakuna aliyecheka. Alifunga kitambaa chake. Akakohoa. Walisubiri wote, na kinyozi, na fundi cherehani aliyekumbatia mtoto wake, na yule wa nusu kichwa. Alipofungua, sakafu ilikuwa tupu, na kwenye tundu la kaunta mkia ulikuwa unamalizikia kuingia, taratibu, kama uzi unaovutwa na sindano.

"Makubwa," kinyozi alinong'ona. "Nyoka ana adabu kuliko wateja wangu."

Mbeba mizigo alisokota gunia, akaziba tundu. Hapo tu Mama Hodi akakaa chini, sakafuni, na mengine yakamjia kwa mpigo. Kopo juu ya mbao kila asubuhi. Kigoda kilichongoja. Mkeka ulioburutwa mpaka kwenye hewa. Bibi Kopo alijua. Alijua kila siku, na alimjua mkwewe pia, akaona hakuna haja ya kumbebesha mzigo huo. Miaka yote hiyo ya kuchungulia mvunguni na kukung'uta viatu, kitu alichokiogopa kilikuwa kimelala karibu na vidole vyake vya miguu, na hakikuwahi hata kumgusa.

"Sasa itakuwaje?" fundi cherehani aliuliza. Hakuuliza kwa shari. "Mimi nina watoto, dada yangu. Nitalalaje?"

Mama Hodi alimtazama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ile, ya siku ya kiatu kimoja. "Hutalala," alimwambia. "Najua. Kaunta haiwezi kukaa hapa."

"Tuvunje kaunta kwa nyundo, tumtoe," mbeba mizigo akashauri.

"Mkivunja mtamuua."

Basi ikabaki kaunta nzima iondoke, na nyoka ndani yake. Binti aliona mama yake amepeleka mkono pale palipolainika, pa kiwiko, na kuuacha hapo. Hakusema habari ya vioo. Baada ya kitambo Mama Hodi alitoa simu.

"Shemeji, bado una panya?"

"Kuuliza gani huko? Mimi ndiye mpangaji wao."

"Nakuletea wa kuwahamisha."

"Yule?"

"Yule, au mwanawe. Na anakuja na nyumba yake, hutajenga. Lakini shemeji, ukishika fimbo, mimi na wewe basi. Na sumu umwage leo, kabla hatujafika."

"Fimbo zenyewe siku hizi natembelea," alisema Shemeji. Kisha, polepole, "Mlete. Nilikosea hesabu mwaka ule. Mlete."

Kaunta iliwekwa mwisho wa banda, upande wa wateja kwenye ukuta, upande wa kigoda shambani, na gunia likatolewa kwenye tundu. Mama Hodi hakugeuka nyuma alipoondoka, maana alijijua.

Sasa dukani kuna vioo, na nafaka ziko kwenye mapipa yenye mifuniko. Bado hugonga mlango wa chuma asubuhi. Fundi cherehani, ambaye siku za mwanzo alimtazama kwa jicho la pembeni, siku hizi humwitikia kutoka kwake, "Karibu!"

Siku ambazo duka limefungwa humchukua mjukuu wake wakaenda kwa Shemeji. Banda linanukia karibu sawa na ghala lile, maana majani makavu na magunia si mbali. Shemeji huwa amemtolea kigoda. Anadai magunia yake sasa yana chini yake, na kwamba juzi alisikia bundi, ingawa mkewe anasema ilikuwa redio ya jirani. Mama Hodi hutoa kopo kwenye mfuko, akagonga mbao mahali palipolainika, akasubiri, ndipo akakaa na kunyoosha miguu.

"Huogopi siku hizi?" Shemeji alimuuliza.

"Naogopa sana," alisema, na kiwiko chake kikaingia pale pa kiwiko, kikaenea.

Mjukuu alikuwa ameanza kutandika mkeka wake pembeni ya kaunta, karibu na bibi. Mama Hodi aliinuka, akaushika mkeka kwa ncha, akauvuta na mtoto juu yake mpaka karibu na mlango.

"Bibi, kwa nini huku?"

"Huku kuna hewa," alisema.